Majina wa Binti Yangu

Binti yangu ana jina la askari mmoja wa zamani wa jiji la Columbus, Ohio. Mimi ndiye niliyempa, na mpaka leo nikimwita linaniwasha mdomoni.

Tulikuwa tumetoka Shively, kule Louisville, kwa sababu mimi sijui kutulia. Nilisikia maghala ya Columbus yanalipa vizuri, nikabeba mke na magodoro. Askari huyo alikuja kanisani kwetu akigombea udiwani. Alikuwa amepigana vita ng'ambo na mguu mmoja alikuwa akiuburuta. Akatuambia anajua maana ya kukimbia risasi. Sisi watu wa Kivu tulilia. Jumapili iliyofuata alikaa sebuleni kwetu, akala sombe, kisamvu chetu, kwa mkono, na mke wangu akamweleza habari za mama yake aliyebaki kambini Burundi.

"Nikishinda, huyo ni mama yangu pia," akasema. "Nitamleta."

Mtoto alipozaliwa tukampa jina lake la ukoo. Kwetu hiyo si heshima tu. Mtu unayeitana naye jina moja ni majina wako: anakula kwako bila kualikwa, na penye msiba anatangulia kufika kabla ya jirani. Hatukumweleza. Nani huelezwa mambo hayo? Yeye akambeba mtoto, wakapigwa picha, na picha ikaenda kwenye vipeperushi vyake.

Akashinda. Mke wangu akangoja. Bwana yule akapanda hadi bunge la Ohio, na siku moja nikamwona kwenye televisheni, kwa sauti ileile ya kanisani, akisema hakuipigania nchi hii ili ijazwe wageni.

"Zima," mke wangu akasema.

Sikuzima. Nilidhani mwishoni angesema "isipokuwa".

Kisha nikahama tena, safari hii Buffalo, mtaa wa Riverside, ambako upepo wa mto unanifanya nilikumbuke hata lile joto la Shively nililolikimbia. Hapa ndipo simu ilipotukuta: mama mkwe amefia kambini. Watu wakaja kwenye matanga, wakajaa hadi kwenye ngazi. Mke wangu, kitambaa kichwani, akaniuliza mbele yao:

"Papa, na ule majina wa mutoto? Iko mu njia?"

Mama mmoja akacheka puani. "Pengine anazunguka, anatafuta parkingi."

Nikaingia jikoni, nikapiga simu ofisini kwake. Msichana aliyepokea akaniuliza ninaishi wapi. Nikamwambia.

"Pole sana," akasema kwa upole. "Mheshimiwa anashughulikia watu wa eneo lake tu."

Nikarudi sebuleni.

"Bon, anasema nini?" mke wangu akauliza.

"Tuko nje ya eneo lake."

"Donc mama alikufa mu eneo ya nani?"

Binti yetu alikuwa anakusanya sahani. Mke wangu akamwita kwa jina la bibi yake marehemu. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, kwa nguvu zaidi, na mtoto akasimama na sahani zake, akatutazama sote, akasema kwa Kiingereza kwamba hilo si jina lake.