Grace wa Nne

Leo nimetoka chooni nikakuta mtu mwingine amekuwa mimi.

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja, huku Industrial Area. Kwetu jina ni la kiti, si la mtu. Wafanyakazi wanaingia na kutoka kila mwezi, na mteja hatakiwi kujua. Kiti changu kinaitwa Grace. Mimi nilikuwa Grace wa tatu.

Choo ni dakika tano, na msimamizi anatazama saa. Leo tumbo lilinikata, nikakaa kumi na mbili.

Kurudi, kuna msichana kwenye kiti changu. Amevaa hedifoni zangu, nina hakika zilikuwa bado na joto la masikio yangu.

"Habari ya asubuhi, unaongea na Grace."

Nikamwendea msimamizi. "Bosi, sasa mimi?"

Hata hakuinua macho. "Grace ako kwa simu. Wewe ni nani?"

Miezi saba nimetukanwa na wateja kwa niaba ya kampuni, nikisema pole, pole, pole. Leo ndiyo siku niliyostahili kuambiwa pole. Sikuambiwa.

Nilipokuwa nikichukua mkoba wangu chini ya meza, yule msichana alimaliza simu akaninong'oneza, "Dada, choo iko wapi hapa?"

"Mwisho wa korido," nikamwambia. "Lakini usiende."

Nimetembea kwa hasira hadi nyumbani Kaloleni.

Naitwa Zainabu. Hebu niiteni jina hilo hapo chini kwenye maoni, nilisikie.