Kabla ya Kuuliza, Toa Habari Zako

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyoteremka kwenye lori la mahindi pale Kakesio, kijiji cha wafugaji kule Ngorongoro, vumbi mpaka kwenye nyusi, haraka imenijaa kichwani. Usicheke. Shangazi yako naye aliwahi kuwa msichana mwenye mbio, tena mbio zangu zilizidi hizo zako.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na mimi nilikuwa nikiokota habari za Karatu na Ngorongoro kwa ajili ya gazeti moja la Arusha. Kabla ya hapo habari nilikuwa naziandika kwa mkono, namkabidhi kondakta wa basi bahasha, kisha naomba Mungu asiisahau chini ya kiti. Halafu Mama Aika, Mchaga mmoja mwenye duka la vifaa vya shule, akafungua chumba cha intaneti pale mjini. Nilikipenda chumba kile, nisikudanganye. Nilijifunza kuchapa kwa kidole kimoja, nikasoma magazeti ya nchi ambazo sikujua hata ziko upande gani, na swali nililoona aibu kumuuliza mtu niliiuliza kompyuta. Mama Aika alikuwa akinifukuza kwa upole: "We binti wa Endamarariek, hebu nenda ukale, hiyo mashine haikimbii."

Siku moja ikaingia barua pepe iliyotumwa kwa watu wengi. Ilikuwa na picha ya ng'ombe waliokufa, na maneno kwamba Kakesio kuna ugonjwa wa mifugo. Mhariri wangu alikuwa ameipata pia. Akaniandikia nitafute mtu mmoja wa kule athibitishe, nitume kabla ya Ijumaa, na nafasi ya mwandishi wa kudumu itakuwa yangu. Wanunuzi wa ng'ombe pale Karatu nao walishaanza kunong'ona kwamba hawaendi mnadani kule. Ulikuwa mwaka wa ukame, na wafugaji wa Kakesio wasipouza ng'ombe hawapati mahindi.

Nikapanda lile lori la mahindi, na tulipofika dereva aliniambia akimaliza kushusha magunia anageuza. Nikaelekezwa kwa Mzee Parmitoro, mwenye boma la karibu. Nikainamisha kichwa kumsalimu, akanigusa utosini kama anavyogusa watoto wake, nikaketi kwenye kigoda. Hapohapo nikauliza: "Mzee, wamekufa ng'ombe wangapi? Ni ugonjwa gani?"

Akacheka, meno yake machache yakaonekana yote.

"Binti yangu, wewe umetoka wapi?"

"Karatu, mzee."

"Karatu hakuna mvua? Hakuna watu? Wewe huna baba? Umeingia kwangu unachukua tu, kama fisi. Hapa mgeni anatoa habari zake kwanza. Halafu mwenye boma anatoa zake. Haya, toa."

Ikabidi nitoe. Nikaanza na mvua ya Karatu iliyogoma na mahindi yaliyokauka yakiwa hayajabeba. Mkewe akaniletea maziwa. Mzee aliitikia kila nilipovuta pumzi, "eee, eee," asinikatize. Nikamaliza mambo ya mjini, naye akawa bado anasubiri. Ndipo nikajikuta namweleza kuhusu baba yangu, yaani babu yako, alivyokuwa amelala mgonjwa nyumbani Endamarariek, na mimi sijaenda kumwona kwa sababu ya kazi. Jambo hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Pole, binti yangu," akasema. "Pole sana. Hiyo ndiyo habari yako yenyewe. Sasa nakufahamu."

Lori likapiga honi. Nikasimama. Picha ninayo, jina la mzee ninalo, maneno mawili matatu ningeyapachika nikaiwahi Ijumaa. Lakini yeye alikuwa bado hajatoa zake. Nimekunywa maziwa ya mkewe, nimemwaga ya moyoni mwangu, halafu niondoke? Nikamwambia dereva aende. Niliangalia vumbi lake nikaona kabisa kazi yangu inaondoka nalo.

Mzee akaanza na majani, akaja kwenye maji, akaja kwa watoto na shule yao, ndipo akafika kwa ng'ombe. Walikuwa wamekonda kwa njaa, mvua moja ya baridi ikawanyeshea, wengine hawakuinuka tena. Gari la watalii likapita, wakapiga picha, wakaondoka bila kumsalimu mtu. Ugonjwa haukuwepo. Bwana mifugo wa kata, niliyemfuata baadaye, alikuwa amewapima waliobaki, naye akasema hivyohivyo.

Nilirudi Karatu Ijumaa imeshapita. Gazeti jingine lilikuwa limeshatoa ile picha na ugonjwa wake. Nikakaa kwa Mama Aika, nikaandika yote, nikabonyeza, na papo hapo ikawa Arusha. Kwa bahasha ya kondakta ningechelewa zaidi, kwa hiyo usije ukasema shangazi anachukia mtandao. Ikatoka kesho yake. Wanunuzi waliisoma kwa sauti hotelini, wakabishana weee, mwishowe wakapanda gari wakaenda. Mnada ukafanyika. Mimi nilikuwa nimeshakwenda Endamarariek kwa baba.

Ile nafasi alipewa mwenzangu mwenye kasi. Nililia, sikufichi. Nilikaa muda mrefu bila ajira ya kudumu, na kuna siku nilimlaumu mzee wa watu kimoyomoyo. Lakini Kakesio walipata mahindi, na ningerudishwa pale leo, lori lingeniacha tena.

Sasa wewe unaanza chuo cha uandishi, na una simu inayojua mambo kuliko maktaba zote nilizowahi kuingia. Itumie, mwanangu. Iulize, ikufundishe, ikupeleke nisikofika mimi. Lakini picha ikikufikia, jua kuna mtu amebaki nje ya picha na hakuna aliyemuuliza. Mtafute. Kama huwezi kufika, mpigie, ila usianze na swali lako. Mweleze wewe ni nani na kwenu kukoje, hata kama mhariri anakuunguza sikio. Na iko siku ukweli utakukosesha kazi uliyoitamani sana. Siku hiyo njoo kwangu. Tutalia wote, nitakupikia, halafu utarudi kuandika.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe miguu ya kufika na moyo wa kukaa, na kila boma utakalotoka, wabaki wakitamani urudi.