Inzi Kwenye Gauni la Mama Mkwe

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi katika haya maisha, lakini aibu ya kwa akina Mwende, msichana wangu, kule Kalama iko peke yake, hiyo nikiikumbuka hata nikiwa kwa pikipiki nafunga macho kidogo (najua ni hatari), na mpaka leo kuna watu wakiniona sokoni Machakos wananiita "Mwenye Inzi," na mimi naitika, sasa nifanye nini.

Wacha niwaambie vizuri. Kazi yangu ni kukodisha spika na projekta. Harusi, mazishi, mikutano ya injili, mpira mkubwa ukiwepo, mtu ananiita, nafunga waya zangu, nawasha, watu wanaona. Naipenda hiyo kazi kupita kiasi, na shida inaanzia hapo, kwa sababu mimi ni mtu wa kusisimka haraka, nikifurahia kitu siwezi kutulia, lazima nimwonyeshe mtu, sasa hivi, kabla hata sijaelewa ni kitu gani.

Basi tulikuwa tunajiandaa kupeleka mbuzi za ntheo kwao Mwende. Kwa wale hawajui, huku Ukambani unaweza kukaa na msichana, mzae, mjenge nyumba, lakini kama mbuzi za ntheo hazijachinjwa na kuliwa kwao, huyo bado si bibi yako, ni mtu tu mnaishi naye. Na baba yake, Mzee Kilonzo, alikuwa hanipendi na hafichi. Mwalimu mkuu mstaafu, sauti bado ni ile ya paredi. Tangu tujuane alikuwa ameniuliza swali moja tu: "Na hiyo ya kuwasha spika, ukishawasha, unafanya kazi gani?" Kwa hiyo nilitaka siku ya ntheo nifanye kitu kikubwa, kitu cha kumfanya aseme, ala, kumbe huyu kijana si wa mchezo.

Na nikakipata! Nilikuwa dukani nasubiri mteja, napitapita tu kwa simu, nikakutana na sinema za zamani, zile zisizo na rangi wala sauti, za enzi za mkoloni, watu fulani wa ng'ambo walikuwa wameziweka kwa mtandao. Machakos yetu! Niliona soko, akina mama wamekaa chini na mafungu ya viazi vitamu, mwingine amebeba kuni mgongoni, kamba imepita kwa paji la uso vile nilimwona nyanya yangu akibeba, mzee ananyolewa na kiwembe huku akibishana na mtu pembeni, na watu wote wanatembea mbiombio kama wamechelewa kanisa. Kuna mtoto alipangusa kamasi na mkono halafu akajipaka kwa shati. Kamasi ya enzi za mkoloni! Nilipiga kelele peke yangu hapo dukani mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeshikwa na stima.

Halafu ikaja sinema nyingine. Mlima, jiwe kubwa limepasuka katikati, mwanamke anapanda na kibuyu cha maji, msichana mdogo nyuma yake. Wakafika karibu, wakasimama, wakatabasamu. Nikampigia Mwende aje mbio. Alipoona lile jiwe alishika kichwa.

"Kioko! Hilo ni jiwe la kwao Susu! Tulikuwa tunateleza hapo tukiwa watoto!"

Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba, na huyu ni mama mzazi wa Mzee Kilonzo. Susu ana hadithi zake mbili ambazo hakuna mtu kwa hiyo boma hajazisikia, moja ni ya fisi aliyeingia kanisani, na ya pili ni ya wazungu waliokuja kumpiga sinema akiwa mdogo, yeye na mama yake, wakapewa sukari. Akianza tu, "Siku ile ya sukari," watu wanasema, "Tunajua, Susu, tunajua," na wanaondoka. Hakuna aliyemwamini. Na sasa huyo hapo kwa simu yangu, ana meno mawili ya mbele yametoka!

Sasa sikilizeni kosa langu. Sinema ilikuwa ndefu, na hapo kwa tabasamu bando ikaniambia kwaheri. Nilienda nikaidaunlodi yote kwa intaneti ya saiba ya jirani, nikaiweka kwa kompyuta, na nikaamua sitaiangalia. Nikamwambia Mwende tutaiona pamoja na familia, ili hata sisi tushangae. Na tulishangaa kweli.

Siku ikafika. Mbuzi zetu zikafungwa kwa mpera nje, wazee wakaingia sebuleni, mjomba wangu Nzioka, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, akasalimia vizuri akasifu nyumba. Mzee Kilonzo alikaa kama mtu anasubiri kusahihisha mtihani. Nikafunga mapazia, nikatundika shuka jeupe, nikawasha projekta. Mwende akateremka kumchukua Susu kwa nyumba yake ndogo huko chini, na Susu anatembea polepole na fimbo, na mimi nimesimama hapo na kidole juu ya kitufe, nikaona siwezi, nikasema wacha niwaonjeshe mwanzo tu, Susu akifika tutarudia.

Nikabonyeza.

Jiwe likatokea. Watu wakasema, "Aaa!" Mwanamke akapanda na kibuyu. Mzee Kilonzo akainuka taratibu kwa kiti, akavua miwani, akavaa tena.

"Hilo ni jiwe la kwao mama," akasema. "Huyo mtoto ni mama, basi huyo ni nyanya yangu! Kumbe ni kweli!" Akanigeukia, akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue, na watu wakapiga makofi, mjomba Nzioka akapiga meza, mimi nikajishika kiuno nikaona dunia hii ni yangu.

Kisha yakatokea maandishi makubwa: MAMA MCHAFU.

Makofi yakaisha moja moja. Kwa shuka, nyanya yake Mzee Kilonzo akaweka kibuyu chini, kuku akaja akanywa ndani yake. Akachukua chungu akakipangusa na nguo aliyovaa. Takataka mpaka mlangoni. Mbuzi akaingia ndani ya nyumba kama mwenye nyumba. Susu mdogo amekaa kwa vumbi, uso mzima inzi, na bwana mmoja wa kofia ngumu akatokea akawa ananyoosha kidole na kutikisa kichwa. Kumbe ilikuwa sinema ya serikali ya mkoloni ya kufundisha watu usafi, na mimi nimeileta kwa wakwe zangu, kwa heshima, na shuka jeupe!

Nikarukia kompyuta kuizima, ikagoma. Nabonyeza huku, nabonyeza kule, picha inaendelea. Nikasema, basi wacha nigeuze projekta isionekane kwa shuka. Nikaizungusha. Ikaelekea mlangoni.

Na mlangoni alikuwa mama mkwe.

Lazima mjue kwetu kuna nthoni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai karibu, mkikutana njiani mmoja anapita kando, ni heshima kubwa na inaogopewa. Mama yake Mwende alikuwa jikoni, akasikia makofi, akaja kuchungulia tu, na gauni lake jeupe la kanisa. Na mimi, mkono wangu mwenyewe, nikamwagia inzi mwili mzima. Inzi wakubwa kama njiwa wanatembea kwa kifua cha mama mkwe, na mimi nimekodoa macho namtazama (nitazame wapi na projekta ndiyo hiyo nimeshika?), halafu inzi wakatoka, na hapo kwa gauni, kutoka bega mpaka bega, yakaandikwa maneno: USIWE KAMA HUYU.

Aliruka akatoweka. Nikavuta waya wa stima kwa nguvu zote mpaka soketi ikatoka kwa ukuta. Kukawa giza, halafu nikasikia sauti ya paredi.

"Fungueni hizo mbuzi. Zirudi zilikotoka."

"Mzee, tafadhali," mjomba Nzioka akaanza.

"Mmekuja kwangu kunionyesha nyanya yangu ni mchafu. Mke wangu mmemwandika maneno. Hapana. Hakuna kisu kitatoka hapa leo."

Mjomba akanipita akaniambia polepole, "Umetumaliza." Nikatoka nje. Niliona Mwende amenipotea, na ni mimi nimempoteza. Tukafungua mbuzi, na ile ya kwanza kufunguliwa ikakimbilia shamba la maharagwe, ikabidi niifukuze na suti na viatu vya kuazima, majirani wamejipanga kwa ua wanaangalia. Nilikuwa nimeishika mguu, nimelala chini, niliposikia fimbo.

"Sinema yangu iko wapi?" Susu alikuwa amefika, ameshikwa mkono na Mwende.

Mzee Kilonzo akatoka. "Mama, wacha. Ni ya matusi."

"Imefika wapi?"

Nikasema hapo chini, "Imefika kwa inzi, Susu."

Susu akacheka. Alicheka mpaka Mwende akamshika asianguke.

"Hizo inzi! Mnajua vile tulizitafuta? Nyumba ya mama yangu ilikuwa safi mpaka yule mzungu akakasirika, akasema hapa hakuna sinema. Takataka tukaokota kwa majirani! Mimi nikapakwa maji ya sukari kwa uso ndiyo inzi zikuje. Si nawaambiaga siku ya sukari? Nikianza mnasema tunajua, tunajua. Mnajua nini? Washa, wewe. Mwisho wake bado."

Kumbe mimi niliikata mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya bando na mara ya pili kwa sababu ya woga, na mara zote mbili nikakata kabla ya mahali penyewe.

Tukarudi ndani. Soketi tukaifunga na kitambaa, nikawasha. Tukavumilia inzi tena (safari hii Susu anacheka, na watu wakaanza kucheka kidogo kidogo), halafu yakaja maandishi: MAMA SAFI. Na ni nani huyo? Ni mwanamke yule yule! Jiwe lile lile, uwanja umefagiwa, kibuyu kimefunikwa, Susu ameogeshwa anang'aa. Sebule ililipuka. Mjomba Nzioka alipiga vigelegele, mwanaume mzima.

Maandishi ya mwisho yakapita nikadhani imeisha, nikanyoosha mkono kuzima, Susu akanichapa na fimbo. Kumbe mpiga picha alisahau kuzima mashine yake. Kwa shuka, mama yake Susu akaangalia pembeni, akaona kazi imekwisha, akacheka, cheko la kweli, mabega yote, akamvuta mtoto karibu, akamfuta uso na ncha ya leso huku akimwambia kitu. Halafu ikaisha.

Susu alikuwa ameinuka amefika kwa shuka, ameweka kiganja pale uso wa mama yake ulikuwa.

"Mwaitu," akasema, yaani mama yangu. Kisha akatugeukia. "Alikufa kabla sijaolewa. Hatukuwa na picha hata moja. Uso nilikuwa nimeusahau, nilikuwa nakumbuka mikono tu."

Mimi nililia na sikujificha. Mwende alilia. Mzee Kilonzo alikuwa amesimama anaangalia pazia, na pazia limefungwa.

"Washa tena," akaniambia. Sauti haikuwa ya paredi.

Nikawasha. Niliwasha hicho kipande cha mwisho mpaka projekta ikapata moto, na nje nikasikia mtu anauliza kisu kiko wapi.

Mbuzi zililiwa. Moja zaidi nilitozwa na mama mkwe kwa ajili ya inzi, aliagiza kupitia kwa Mwende kwa sababu mpaka leo yeye na mimi hatupiti njia moja, nthoni yetu imekuwa kali kuliko ya watu wote wa Kalama. Nililipa bila kubisha. Na nimeapa, siwashi kitu mbele ya watu kabla sijakiangalia mpaka mwisho kabisa, hata iwe video ya mazishi ya mtu nisiyemjua.

Na Jumapili iliyopita, Susu alianza ile ya fisi aliyeingia kanisani. Wote tunaijua. Niliweka simu mfukoni, nikavuta kiti karibu, nikasikiliza mpaka mwisho. Kumbe hakuwa fisi.