Usingizi wa Mlangoni: Kutoka Kishapu hadi Geita na Ng'ombe wa Baba

Ukame ulipoingia mwaka wa pili mfululizo, baba aliniita akaniambia kwamba ng'ombe wakibaki Kishapu hawataiona masika. Mabwawa yalikuwa matope matupu, na ngitili yetu, yaani malisho tunayoyafunga kila mwaka kwa ajili ya kiangazi, ilikuwa imelambwa hadi udongo. Upande wa Geita bado kulikuwa na majani. Nilijitokeza mwenyewe kuwapeleka.

Wa nyumbani mnanijua. Nilijisomesha kwa kuuza kuni na kupalilia pamba za watu, nikapata nafasi ya kwenda Ulaya ya Mashariki, nikarudi na stashahada ya ufugaji yenye muhuri mwekundu. Katika kata yetu hakuna mwingine. Huko nililala nje milimani pamoja na wachungaji wa kondoo, watu wanaojiviringisha ndani ya joho zito la manyoya ya mbuzi, mvua ikanyesha na wao wakaendelea kukoroma. Mwenzangu wa bweni, mtu wa jangwani, alinieleza jinsi kwao wanavyofukia makaa mchangani na kulala juu ya joto lake. Joho moja nililinunua, nikaja nalo. Kwa hiyo niliposikia kwamba safari ni ya siku kumi bila nyumba wala hema, sikutishika hata kidogo.

Ng'ombe walikuwa thelathini na mmoja. Wawili kati yao walikuwa wa Mama Kabula, mjane jirani yetu, aliyewakabidhi kwa baba tangu mumewe afariki. Hakuwa na mifugo mingine. Alfajiri ya kuondoka alikuja zizini akiwa amejifunga kanga mbili.

"Shikamoo, Mama Kabula."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mweusi ana mimba. Usimkimbize."

"Mama, mimi nimesomea ng'ombe."

"Nimesikia. Usimkimbize."

Siku tatu za kwanza tulivuka mbuga za udongo mweusi kuelekea Shinyanga. Mwenzangu alikuwa Luhende, mchungaji wa baba wa miaka mingi, mtu mwenye miguu mirefu na mdomo usiopumzika. Magari hayakuwapo, maana petroli ilikuwa adimu, na barabara tuliachiwa sisi na vumbi letu.

Kila jioni Luhende alikata matawi ya miiba akayapanga duara, akawaingiza ng'ombe, akaacha pengo la upana wa ng'ombe mmoja. Katika pengo hilo alitandika ngozi, akalala kukingama, mgongo wake ukiwagusa ng'ombe wa mbele. Mimi nililala pembeni ndani ya joho langu.

"Kwa nini usizibe kwa miiba, kaka?" nilimuuliza. "Unalala kwenye mavi bure."

"Miiba haiamki," alijibu. "Ng'ombe akishtuka anatafuta mlango. Akinikuta mimi ananusa, anatulia. Fisi naye akinikuta mimi anasita. Na nyinyi wasomi, huko Ulaya mlango mnamwachia nani?"

"Mbwa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi hata huko kuna mwenye akili mmoja."

Mjini Shinyanga tuliingia kununua chumvi. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alitutazama tulivyojaa vumbi akauliza tunalala wapi. Nilipomwambia, alisema babu yake huko Gujarati alilala juu ya paa kila kiangazi, kwenye kitanda cha kamba, familia nzima imejipanga. "Kina mama upande mmoja," alisema, "na babu penye ngazi. Lazima atakayepanda amkanyage yeye kwanza." Nilitikisa kichwa kwa adabu, nikachukua chumvi, sikulifikiria tena neno lake.

Siku ya nne, tulipokaribia Didia, Luhende alianza kutetemeka. Nilimpa vidonge vya malaria nilivyobeba. Asubuhi iliyofuata alitembea kwa kujikokota, nami nikaongoza peke yangu. Nasema kweli, niliongoza vizuri. Niliviona vichaka vyenye mbung'o kabla hatujavifikia, nikawazungusha ng'ombe mbali, na Luhende mwenyewe alikiri kwamba yeye angepita katikati na kuwaumiza.

Jioni ya siku hiyo tulifika kwenye msitu wa miti mirefu. Nilijenga duara la miiba mwenyewe. Luhende alikaa chini, meno yakigongana, akanirushia ngozi yake.

"Leo mlango ni wako, Bwana Stashahada."

"Lala, kaka. Nitaona."

Nikaona hivi: mtu aliyevuka bahari hawezi kulala chini ya kwato. Nilikata miiba mingine, nikaziba lile pengo safu mbili, nikalisukuma kwa mguu, likakaa imara. Luhende alikuwa amekwisha zama katika homa na hakuniona. Mimi nikapanda juu ya kichuguu kidogo hatua ishirini kutoka pale, penye hewa safi, nikajifunika joho hadi kichwani. Nililala vizuri kuliko siku zote za safari.

Joho lile lina sifa moja ambayo sikuwa nimeifikiria. Linazuia baridi, na linazuia sauti.

Alfajiri niliamshwa na mkono wa Luhende. Pengo lilikuwa wazi, miiba imesambaa, damu kwenye ncha zake. Fisi walikuwa wamelizunguka duara, ng'ombe wakalisukuma pengo kwa pamoja mpaka likaachia. Tuliwafuata kwa nyayo asubuhi nzima, mgonjwa na msomi, tukawapata thelathini. Wa thelathini na mmoja alikuwa ameanguka kwenye korongo kavu. Alikuwa yule mweusi. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika, na fisi walikuwa wamekwisha mfikia upande wa nyuma, lakini bado alikuwa akipumua. Alinitazama.

Nilimchinja mwenyewe. Ndama tumboni alikuwa amekamilika hadi kope.

Luhende hakunitukana. Alikaa akachuna ngozi taratibu, akapumzika, akachuna tena. Alipomaliza alisema neno moja tu: "Hii utaipeleka wewe." Nililielewa. Ng'ombe wa kukabidhiwa akifia njiani, ngozi yake hurudi kwa mwenyewe, ili ajue kwamba hakuuzwa.

Siku ya saba tulipita Bulyanhulu. Nyama tuliyoweza kubeba tuliwapa wachimbaji wadogo wa dhahabu, nao wakatupa unga na mahali pa kupumzika. Wengi hawakuwa na kibanda. Walilala juu ya magunia kando ya maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na katika kila kikundi mmoja alijilaza mdomoni kabisa mwa shimo. Nilimuuliza mmoja wao, Msumbwa mwenye macho mekundu kwa vumbi la mawe, kama haogopi kutumbukia.

"Naogopa," alisema. "Ndiyo maana sisinzii sana. Wenzangu wako chini."

Usiku huo na kila usiku uliofuata nililala mlangoni mwa duara letu la miiba. Pua za ng'ombe zilinipulizia shingoni. Kila mmoja aliposimama, nilisimama. Nilijifunza kutofautisha kusimama kwa kiu na kusimama kwa hofu, jambo ambalo halikuwamo katika mitihani yangu, na mitihani yangu niliifaulu yote.

Siku ya kumi tulifika kwenye malisho upande wa Geita. Majani yalifika magotini. Luhende, aliyekwisha pona, alibaki na ng'ombe, nami nikarudi peke yangu kwa miguu, ngozi imekunjwa mgongoni. Joho nilimwachia yeye. Nilipolala njiani nililala juu ya udongo mtupu, ngozi kando yangu. Baridi ilinikaba, lakini sikuweza kuilalia ngozi ile.

Kishapu niliingia saa ya jua kali. Sikupita kwa baba kwanza. Mama Kabula alikuwa akipepeta mtama. Aliiona ngozi kabla hajaniona mimi, na ungo ukatulia mikononi mwake.

Nilimweleza yote, pamoja na kichuguu na joho. Nilimwambia kwamba mtamba wangu mwekundu, niliyemnunua kwa jasho langu, ni wake kuanzia siku hiyo.

Aliuweka ungo chini.

"Mtamba nitampokea," alisema. "Nina watoto. Na yule wangu mwingine?"

"Yuko malishoni, anakula vizuri."

"Nani atakwenda kumrudisha mvua ikinyesha?"

"Mimi, mama. Ukiniruhusu."

Aliikunjua ngozi, akapitisha kiganja juu ya manyoya meusi kuanzia shingoni hadi mkiani, kama mtu anayemtuliza mnyama wakati wa kukamua. Kisha akaikunja tena na kunirudishia.

Stashahada yangu bado iko ukutani, na bado ninajivunia kila herufi yake. Ilinifundisha ng'ombe anakula nini na anaugua nini. Ila ng'ombe wa watu hulindwa na mwili wa aliyekabidhiwa, na mwili huo lazima ulale mahali ambapo hatari itaugusa kwanza. Hilo nililipata njiani, kwa gharama ya mtu mwingine.

"Ngozi hii si ya kutundika," Mama Kabula alisema aliponirudishia. "Utaitandika mlangoni, uilalie."