Mikwaju Iliyopakwa Chokaa

Niliondoka Mikindani kwa sababu ya macho ya mama. Ukungu ulikuwa umeanza kuyafunika tangu mvua za mwaka uliotangulia. Bado aliweza kumjua mtu kwa umbo lake mlangoni, lakini rangi zilikuwa zikimponyoka moja moja. Nyekundu kali na nyeusi aliziona, buluu alishaanza kuikosea. Siku moja alinishika mkono akaniambia anataka kuiona rangi yake mara moja tena, kabla macho hayajafunga kabisa.

Mama alikuwa fundi wa mikeka. Mikeka yake ilijulikana Mikindani nzima kwa mstari mmoja wa rangi iliyo kati ya zambarau na damu ya mzee, ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyeipata. Waliomuuliza anautia nini ukindu wake aliwajibu, "Mkono wangu." Ndivyo walivyo mafundi wa kwetu: mkeka watakupa ulalie, siri ya rangi watazikwa nayo. Hata mimi, mwanawe wa pekee, niliambiwa siku ile tu, tena kwa kunong'ona na mlango umefungwa. Ni malele, yale manyuzi ya kijivu yanayoota kama ndevu kwenye magome ya miti ya pwani. Yeye aliyatoa kwenye mikwaju ya uani kwa marehemu mjomba, kaka yake, karibu na mdomo wa Ruvuma, kwani miti ya kwetu haikuwa nayo tena. Akiba yake ilikuwa imekwisha, na magoti hayakumruhusu tena kusafiri.

"Usimtajie mtu," alisema. "Hata mkaza mjomba wako. Sema unakwenda kuitazama mikwaju aliyoiacha mjomba."

"Mama, nani ataamini kwamba nasafiri kutwa nzima kutazama mikwaju?"

"Wewe si mwalimu? Walimu hutazama vitu."

Nilicheka, maana malele niliyafahamu kwa njia nyingine. Chuoni, mtaalamu mgeni alituwekea kipande chini ya darubini, akatuonyesha kwamba kile tulichodhani ni mmea mmoja ni viumbe wawili waliooana: kuvu anayejenga nyumba na kushika maji, na mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, unaopika chakula kwa jua. Alisema jamii yao ina aina nyingi ajabu duniani, kwamba baadhi wana dawa ya kuua vijidudu, kwamba hufa penye moshi wa viwanda, na kwamba zile karatasi za litmasi tunazochovya katika asidi hupata rangi yake kwa ndugu wa malele. Niliyaandika yote nikafaulu mtihani. Sikujua kwamba mkeka niliolalia utotoni ulitoka humo humo.

Asubuhi ya kuondoka nilipita dukani kwa Mzee Karimu, ambaye babu yake alihamia Mikindani kutoka Kachi, ng'ambo ya bahari, nikanunua mkebe wenye kifuniko. Kwa kumchokoza tu, bila kugusia siri ya mama, nikamuuliza kama aliwahi kusikia habari za malele.

"Babu yangu alikuwa nanunua kwa gunia!" alisema. "Meli napeleka Ulaya, huko natia nguo za matajiri. Halafu wao wakatengeneza rangi ya kiwanda. Malele yote ikabaki stoo, hata panya hataki." Akainama chini ya kaunta. "Mama anataka zambarau? Chukua paketi hii. Maji ya moto, chumvi kidogo, basi."

Nikamwambia mama hataki rangi ya paketi. Nililisema kwa maringo kidogo, kana kwamba malele nilikuwa nayo tayari mfukoni.

Mtwara mjini, pale Magomeni, nilimkuta Saidi, dereva wa lori linalofuata chumvi upande wa Ruvuma. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemtuma ujumbe kwa mkaza mjomba, kama mama alivyoelekeza: kwamba nakuja kuitazama mikwaju. Saidi alinifungulia mlango wa mbele kwa heshima kubwa.

"Nimeufikisha, mwalimu. Alivyofurahi huyo mama! Akaniuliza, anakuja kuitazama yote? Nikamwambia, yote."

Tulipoipita Likombe lami ilikuwa imekwisha zamani, na mchanga ukaanza kulivuta lori huku na huku. Pande zote mbili za njia niliona mashamba ya mikorosho, na kati yake visiki vipya vya miti mikubwa. Watu walikuwa wanasogezwa kukaa pamoja katika vijiji, na kila penye nyumba mpya palihitaji nguzo na nafasi. Nilivitazama visiki vile nikajipongeza kwamba mikwaju ya mjomba ilikuwa ndani ya ua na haikuguswa.

Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha askari. Ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vinaendelea, na upande wetu hapakuwa na mzaha. Askari mmoja aliufungua mkebe wangu, akachungulia, akaugeuza chini juu.

"Mwalimu, unakwenda wapi na mkebe mtupu?"

"Kwa mkaza mjomba wangu. Kuitazama mikwaju."

Alinikazia macho mpaka Saidi akacheka. Mwishowe akanirudishia mkebe, ila akanionya nisije nikathubutu kuusogelea mto wala mikoko yake. Huko hakuruhusiwa raia yeyote. Nikamwambia sina haja na mikoko. Ndivyo nilivyoamini.

Alasiri tulifika. Niliiona mikwaju kabla sijaiona nyumba, na kwa muda sikuelewa ninachokiona. Mitatu yote ilikuwa myeupe. Haikupakwa kiunoni tu, kama ile ya ofisi za serikali. Ilipakwa chokaa kuanzia mizizi mpaka kwenye matagaa, na gome lilikuwa limesuguliwa kwanza, likawa laini kama limepigwa randa. Ua wote ulikuwa umefagiliwa. Chini ya mti wa kwanza ngazi ilikuwa bado imeegemezwa, na kando yake rundo la makumbi ya nazi yaliyochakaa kwa kusugulia.

Mkaza mjomba alitoka akipiga vigelegele peke yake. Ni mwanamke wa Nanyamba, mjomba alimuoa huko kwenye mikorosho, mnyofu, mchapakazi, na tangu afiwe alikuwa akiutunza ua ule kama vile mumewe angerudi jioni kuukagua.

"Karibu, mwanangu! Unaona? Ntu asije akasema wajane wa huku wachafu. Ilikuwa imejaa ukurutu nti mzima, manyoya manyoya, hata aibu. Nimesugua kutwa kucha, majirani wamenisaidia. Tangu lini mikwaju ya mjomba wako ikang'aa hivi?"

"Imependeza sana," nikasema. "Na yale manyoya, mmeyatupa wapi?"

"Nshayachoma, yote! Usiwe na wasiwasi."

Alinionyesha jivu. Nilichutama nikalipekua kwa kijiti mbele yake, mtu mzima, mwalimu.

Jioni alinichinjia kuku. Nilimega matonge mawili nikaacha, naye aliliona hilo. Aliuliza kama kuku ni mgumu. Aliuliza kama mama yangu ana hali mbaya kuliko ninavyosema. Hatimaye akaisukuma sinia kando akaniuliza kama chokaa ndiyo iliyonikera. Nilikuwa nimekatazwa kumtajia mtu, lakini sikuweza kumwacha mwanamke yule akidhani hakusugua vya kutosha. Nikamweleza yote: malele, rangi, mkeka, macho ya mama.

Aliigeukia mikwaju gizani.

"Kumbe," alisema. "Kila akija wifi alikuwa anapanda nti alfajiri, anasema anachuma kwaju. Hata msimu ambao kwaju hakuna. Nikasema, haya, ndivyo walivyo watu wa pwani." Kisha akaanza kulia. "Nimekaa nyumba hii tangu mwari, mwanangu. Nimempikia, nimemwogeshea mama yake mpaka kufa. Kwa nini hakuniambia? Ningemlindia."

Nilitaka kumtetea mama, nikashindwa.

Alfajiri aliniamsha akiwa ameshajifunga kanga kiunoni, na upondo mkononi. Tulizunguka ua mzima, tukakagua kila gome, kila nguzo ya uzio. Tawi moja tu lilikuwa limesalimika, lililoinama juu ya choo, mahali ambapo ngazi haikupata pa kusimama. Aliliangua mwenyewe kwa upondo, hakukubali nimsaidie. Malele tuliyoyatoa humo hayakujaza kikombe cha kahawa. Aliyafunga katika kipande cha kanga yake mpya, akayatia kwenye mkebe, akaukaza mfuniko kwa mikono miwili.

"Mwambie wifi anisamehe," alisema.

Njiani kurudi nilimuuliza yule askari wa kizuizini kama ningeweza kufika kwenye mikoko, ambako malele huota pia, hata kwa kusindikizwa. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma akasema nenda nyumbani, mwalimu.

Mikindani tena. Mama aliupapasa mkebe, akaupima uzito kwa mkono, akajua. Nikamsimulia. Nilitegemea hasira, lakini hakukasirika. Aliuliza tu, "Alisugua mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Mpaka juu?" Ndiyo. Akatikisa kichwa. "Kwa kutuheshimu sisi."

Kwa maelekezo yake niliyatwanga malele nikayaloweka katika chungu cha mkojo uliochacha, nikakifunika, nikawa nakikoroga kila asubuhi huku nimeziba pua. Darasani ningesema ni amonia inayoiamsha rangi. Uani kwetu mama alikuwa akinusa kutoka barazani na kusema bado, bado, mpaka siku alipokohoa akasema, "Sasa." Rangi ilikuwa imekuja kweli, lakini kidogo mno, maji mengi na malele machache. Ilitosha chane moja ya ukindu, nayo ikatoka hafifu, zambarau ya mbali.

Niliikausha kivulini nikampelekea. Aliishika, akasogea mlangoni penye mwanga, akaileta karibu kabisa na jicho. Aliigeuza. Akaijaribu na jicho la pili.

"Naona nyeupe," alisema.

Nimetembea mara nyingi tangu siku hizo, na hakuna safari ninayoijutia kama ile, ingawa mpaka leo sijui ni hatua gani ningeigeuza. Nilichojifunza ni kwamba kitu kinachofichwa kwa mapenzi kinaweza kusuguliwa kwa mapenzi yale yale. Mama alijifunza kabla yangu. Aliizungusha chane ile kidoleni akasema, "Mpelekee wifi ujumbe. Aje nimfundishe."

"Malele yamekwisha, mama."

"Yataota. Si miti ipo?"

Nilijua yanavyokua. Malele marefu kama yale huchukua umri wa mtu, na hayashiki upesi kwenye gome lililokwanguliwa. Sikumwambia. Nikaenda kumtafuta Saidi, nikampa ujumbe pale sokoni Magomeni kwa sauti kubwa, wote, kila kitu kwa jina lake: malele, mkojo uliochacha, chungu kilichofunikwa. Mafundi wa mikeka waliokuwa wakiuza karibu waliacha wateja wakaja kusikiliza. Walicheka, wakaziba pua, wakanitaka nirudie. Nikarudia.

Kisha mmoja wao, binti aliyekuwa ameshika ukili mkononi, akauliza malele yenyewe yanapatikana wapi. Nilifungua kinywa nimwelekeze, nikakosa mahali pa kutaja.