Safu Thelathini na Mbili

Nyumba yetu ya Kamalondo ni nusu ya nyumba. Ilijengwa zamani za wakoloni, pacha, familia mbili chini ya paa moja, na ukuta wa katikati ambao kila upande unadai ni wake. Upande wa kushoto naishi mimi, mjane, muuza vitenge sokoni. Upande wa kulia anaishi jirani yangu, ambaye tulikua pamoja na ambaye hunipita kwa kila kitu bila kutoka jasho. Lakini milango yetu ni sawa, madirisha ni sawa, na barazani kila mmoja ana nguzo tatu. Nimezihesabu mara mbili. Usawa huo ndio uliokuwa ukinipa usingizi.

Kisha binti yake akapiga simu kutoka Mitwaba: anarudi mjini na watoto wawili, mume atafuata. Jirani akaamua kuongeza chumba nyuma ya lupango, yaani kiwanja chake, pale uani. Mtaa wetu ni wa zamani na wakubwa wa mji hawataki sura yake iharibiwe, kwa hiyo ruhusa huja na masharti: mbele usiguse kitu, nyuma ujenge, lakini jengo jipya lisipite ukingo wa paa la zamani. Aliomba ruhusa, akapewa. Kesho yake nikaomba na mimi, nikapewa.

Fundi akaniuliza chumba ni cha nani. Nikamwambia cha wageni. Watoto wangu watatu wanakaa Bel-Air, mwendo wa teksi moja, na mwaka uliopita walikuja mara mbili. Hesabu hiyo pia niliirudia, ikatoka vilevile.

Ugomvi wangu na jirani, ambao yeye hakujua kwamba upo, ulianza na matofali. Mzee mmoja wa barabara ya nyuma alikuwa akibomoa jiko lake la kale: matofali mekundu, membamba, magumu, ukiyagonga yanalia kama kengele. Nilimwendea wiki tatu. Nilimwambia yamepasuka, nikamwambia yamelowa, nikaondoka mara nne ili aniite, hakuniita. Jirani yangu akapita asubuhi moja kumsalimia, akamuuliza habari ya mguu wake, na jioni matofali yakaingia kwake kwa mkokoteni. Wiki tatu nilikuwa nimesimama mbele ya mguu ule.

Basi nikaenda Ruashi, kwa watu wanaobomoa vichuguu na kuchoma udongo wake. Nikapata matofali mapya, mazuri, kwa maneno mengi. Ukuta wa jirani ulipofika mwisho nilipanda juu ya ndoo, nikachungulia uani kwake, nikahesabu safu. Thelathini na mbili. Nikashuka, nikapanda, nikahesabu tena. Thelathini na mbili. Nikamwambia fundi ajenge thelathini na tatu.

"Mama, tupime kwanza," akasema.

"Nilishahesabia mara mbili. We unajua kuhesabia kunipita?"

Akajibu kama mafundi wanavyojibu, yaani akajenga.

Tofali la kichuguu ni nene kuliko lile la kale kwa unene wa kidole. Kidole kimoja si kitu. Vidole thelathini na tatu, vikipandiana, ni dhiraa moja na zaidi. Mimi ninayepima kitenge kila siku, nilihesabu tu, sikupima.

Papa wa mipango ya mji, yaani bwana mkaguzi, alipokuja kukagua hakuhitaji hata kuingia. Aliuona ukuta wangu toka barabarani, umechungulia juu ya ukingo wa paa kama mtu asiyealikwa harusini. Akafungua faili. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba huko ofisini kwao nyumba pacha ni nyumba moja, faili moja, ruhusa moja. Akaandika kwamba kazi isimame pande zote mbili mpaka ukuta ushuke, akaondoka.

Jirani yangu alikuwa hajaezeka. Mawingu ya mvua za kwanza yalishaanza kukusanyika, na binti huko Mitwaba alikuwa ameshafunga mizigo. Nilikaa ndani nikitayarisha maneno: ningetoa safu mbili, jirani akilia ningetoa tatu, mkaguzi naye ni mtu, ana macho ya kuzoea. Nikamkuta barazani, upande wake, karatasi ya kusimamisha kazi ikiwa mapajani. Nikaanza na zile mbili.

Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye tatu. Kisha akauliza polepole, akiniita dada, "Yaya, ulitaka yako ipite yangu juu ya nini, sababu gani?"

Swali hilo sikulitayarishia bei. Nikatazama nguzo.

"Kwako bantu banarudiaka," nikasema. "Kwangu banapitaka tu, hata batoto yangu."

Hakucheka, wala hakunihurumia, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. "Mutoto yangu anafika siku ya posho, Jumamosi hii," akasema. "Mvua haitamungoja. Toa yote inapita."

Zilizopita ukingo zilikuwa safu sita. Safari hii fundi alipima kwa kamba, nami nikashika ncha ya pili. Ijumaa asubuhi yule papa akarudi, akatazama toka barabarani, akagonga muhuri. Mabati yakapanda kwa jirani mchana, kwangu jioni.

Jumamosi binti akafika. Uani kwao kukajaa. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta nikihesabu sauti: saba. Nikahesabu tena: nane, mmoja alikuwa analia. Chumba changu kilinukia udongo na hakikuwa na kitu, hata kigoda.

Kabla jua halijatua jirani akasimama mlangoni pangu. Vitanda vimeenea chumbani, akasema, lakini sanduku la binti halina pa kukaa, je, linaweza... Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Wanaume wawili wakaliingiza. Lilipowekwa chini ndipo nikakumbuka kwamba sikudai kitu.

Lilikuwa sanduku la mbao, kona zake za shaba, zuri kuliko langu. Nililizunguka mara mbili; mwenyewe atalirudia.