Mafuta Tuliyoyaita Vitamini

Wiki iliyopita kwenye dirisha la dawa hapa Minneapolis, mkalimani wa simu alimwambia mama aliyekuwa mbele yangu kwamba dawa ya kifafa ya binti yake ni "mafuta ya bangi."

"Bangi? Mtoto wa miaka sita?"

Nikaingilia. "Dada, inatokana na mmea huo, lakini hailevyi. Mwanangu anaitumia."

"Haanguki tena?"

"Anaanguka, ila si kila siku kama zamani."

Akaigeuzageuza chupa. "Na kanisani kwenu wanajua?"

Nikatazama viatu vyangu. "Tunawaambia ni vitamini."

Akairudisha chupa, akamshika mkono binti yake, wakaondoka bila dawa.

Wiki nzima nimemlaumu mkalimani. Lakini aliyemtisha mama yule ni mimi na vitamini zangu.